Kengele za Bibi Chausiku

Sabiri aliposema hapana kwa mara ya tatu, Sajini Namunyak alifunga kalamu yake na kuiweka juu ya meza.

"Basi tuyaache ya fedha," alisema. "Nijibu hili moja. Watu wa Kwaluguru wametuma ujumbe. Leo, baada ya swala ya alasiri, wanasoma albadiri. Ukikubali isomwe kwa jina lako, kesi wanaiondoa polisi, wanamwachia Mungu. Wewe unakataa. Kwa nini?"

"Nimekataa tu, afande."

"Mtu msafi anaogopa nini kusomewa?"

Sabiri alitazama sakafu. Alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, kituo cha polisi Korogwe, miguu peku, mkono mmoja umeshika kiuno cha suruali kwa sababu mkanda wake ulibaki kaunta tangu jana jioni. Ndugu zake hawakuja kumwekea dhamana. Kisomo kile cha kumwapiza mwizi watu wa Handeni na Korogwe wanakiogopa kuliko jela. Jela ina siku ya kutoka. Albadiri ikishasomwa, ugonjwa wowote, ajali yoyote, msiba wowote utakaobisha hodi kwa aliyetajwa, watu watasema ndiyo majibu. Hakuna ndugu aliyetaka kuonekana karibu naye.

Kosa lake lilielezwa kwa maneno machache. Sabiri alikuwa na kafe ya intaneti karibu na stendi. Kila Jumamosi mchana Bibi Chausiku wa Kwaluguru, mwimbaji wa ngoma za Kizigua, alikuja na wapigaji wake, wakakaa chumba cha nyuma, wakaimba mbele ya kipaza sauti. Watoto wa Handeni waliotawanyika Dar es Salaam, Muscat na kwingineko walisikiliza kwa kompyuta na simu. Aliyeguswa alibonyeza kwenye ukurasa wa ngoma, akatoa tuzo kwa kadi ya benki. Hapo hapo kengele ililia mle chumbani, jina likatokea kwenye kioo, Sabiri akalitaja kwa sauti, na Bibi akalichukua jina lile akalitia ndani ya wimbo. Mwisho wa mwezi Sabiri alitoa fedha na kuwakabidhi wenyewe. Mwaka ule mahindi ya Kwaluguru yalikauka yakiwa hayajafika kiunoni. Tuzo ndizo zilizokuwa unga.

Kisha Mhina, mjukuu wa Bibi, mpishi huko Muscat, akapiga simu kusalimia. Katika mazungumzo akasema kwamba mwezi ule yeye peke yake ametuma laki sita. Sabiri alikuwa amekabidhi laki tatu na kidogo, za watu wote. Mzee Mdoe, mdogo wake Bibi na mkuu wa wapigaji, alikwenda polisi bila kumaliza chai.

Inspekta Ernesti, mkuu wa upelelezi, alichungulia mlangoni.

"Amekiri?"

"Hapana, afande."

"Faili liende mahakamani. Wizi wa kuaminiwa, uko wazi. Au unangoja albadiri ikufanyie kazi?"

"Naomba mpaka alasiri," alisema Namunyak. "Kuna jambo la Mombo sijalimaliza."

Jambo lenyewe lililetwa na jirani wa kafe. Kila Jumatatu asubuhi Sabiri alipanda pikipiki, akaenda Mombo, akarudi kabla ya adhuhuri. Hakumwambia mtu anafuata nini.

"Hilo halihitaji upelelezi," alisema Inspekta Ernesti. "Ana nyumba ndogo. Laki tatu utazikuta zimegeuka kabati na kitanda. Nenda ukazihesabu."

Sabiri aliinua uso kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akafungua mdomo, kisha akaufunga.

Namunyak aliona.

* * *

Mombo mabasi ya Arusha yalikuwa yanaingia. Wauzaji walikimbilia madirishani, sinia juu, ndoo juu, kila mmoja akiapa kwamba chake ndicho cha moto. Namunyak alikuwa amevaa kiraia. Aliuliza mara mbili tu. Muuza machungwa alimwonyesha kwa kidevu mwanamke aliyekaa kivulini pa kibanda cha vocha, ndoo ya mayai ya kuchemsha miguuni, tumbo limemjaa mapajani.

"Wewe ndiye wa Sabiri wa Korogwe?"

Mwanamke alimtazama viatu kwanza, kisha uso.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nani kakwambia mimi ni afande?"

"Hicho kiatu. Mnakivaa hata mkienda harusini." Alisogeza ndoo ampishe akae. "Naitwa Ikram. Ni mke wake. Nakaa hapa kwa mama mpaka nijifungue."

"Kule wanasema ana nyumba ndogo Mombo."

"Ndogo?" Ikram alijitazama tumbo. "Waambie waje waione hiyo nyumba ndogo. Imezidi mlango."

Namunyak alikaa, akatoa daftari.

"Kila Jumatatu anakuletea nini?"

"Kuniletea? Anakuja kuchukua."

"Kuchukua nini?"

"Hela ya mayai. Jumamosi intaneti inakula bando lote. Kafe haimlipi tena, wateja siku hizi wanasoma kwenye simu zao. Anachukua hela ya mayai, ananunua bando, Bibi Chausiku anaimba." Alifunua ndoo, akalitoa yai lililopasuka, akaifunika tena. "Nimemwambia aache. Anasema watu wa Kwaluguru wanalala njaa. Nikamwambia na sisi je? Akacheka. Mwizi gani huyo, afande, wa kuja kuiba mayai ya mkewe?"

"Una mtu anayejua hayo, zaidi yako?"

"Muulize huyu wa vocha. Ndiye anayemuuzia."

Mwenye kibanda alikuwa anasikiliza muda wote na hakujisumbua kuficha. "Kila Jumatatu," alisema. "Mara nyingine ananikopa."

Namunyak aliandika. Basi moja liliondoka, vumbi likawafunika, likatua.

"Ikram, albadiri ameikataa. Hilo linamharibia kuliko jambo lolote. Unajua sababu?"

Ikram alipangusa vumbi juu ya mfuniko wa ndoo. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Huyu ni wa tatu. Wa kwanza hakufika arobaini. Wa pili alizaliwa kimya." Aliweka kiganja juu ya tumbo. "Sabiri haiogopi albadiri. Anasali, anajua hajachukua kitu. Anaogopa midomo ya watu. Isomwe leo, huyu mwanangu akikohoa tu kesho kutwa, Korogwe nzima itasema imewakuta. Na Mungu akimchukua, watasema baba yake mwenyewe ndiye aliyemuuza kwa laki tatu. Mimi nitaishi wapi, afande? Nitauza mayai haya kwa nani?"

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie mambo ya tumbo langu? Wewe ni polisi."

Namunyak alinunua mayai mawili, akalipa, akaondoka akiyashika mkononi. Alipofika kwenye gari alimwambia dereva aendeshe moja kwa moja mpaka stoo ya vielelezo.

* * *

Kompyuta ya Sabiri ililetwa juu ya meza ya Inspekta Ernesti, karatasi ya namba ya kielelezo ikining'inia pembeni. Sabiri alisimama nyuma yake, askari mmoja ubavuni.

"Rudia maelezo yako ya jana," alisema Namunyak. "Ulisema kuna makato."

"Niliwaambia Kwaluguru, nikawaambia na nyinyi. Wakasema hakuna makato duniani yanayokula nusu."

"Hata mimi nasema hivyo," alisema Inspekta Ernesti.

"Ndiyo maana naomba kadi yako, afande."

"Kadi yangu?"

"Ndiyo kadi pekee ya benki ninayoijua kituo hiki yenye kitu ndani."

Inspekta alimkodolea macho, kisha akatoa pochi. Alimwamuru Sabiri ageukie ukutani wakati anaandika namba kwenye kompyuta yake ya ofisi, na juu ya hayo akazifunika kwa kiganja. Namunyak alisoma salio la ukurasa wa ngoma, akaliandika.

"Tuma elfu moja."

Inspekta alibonyeza. Muda kidogo ukapita. Kisha kengele ikalia kwenye spika za Sabiri, kali, fupi, na jina likatokea.

"Ernesti huyo! Korogwe mjini!" Sabiri alitamka, kisha akashtuka, akainamisha kichwa. "Samahani, afande. Mazoea."

Namunyak alikuwa anatazama salio. Lilikuwa limepanda kwa mia nne na tisini.

"Mimi nimetoa elfu moja," alisema Inspekta Ernesti. Alisogea karibu na kioo. "Elfu moja imetoka kwangu, hii hapa. Nusu nyingine iko wapi?"

"Hilo ndilo ninaloulizwa tangu jana, afande," alisema Sabiri.

"Inakwenda kwa nani?"

"Wenye kadi. Wenye mtambo wa kuipitisha. Wenye kuutunza ukurasa. Wako huko nje, sijawahi kumwona hata mmoja wao."

"Tuma tena," alisema Namunyak. "Elfu kumi, kwa mara moja."

"Sajini!"

"Itarudi, afande. Nitaiandikia."

Kengele ililia. Mara hii Sabiri aliuma midomo. Salio lilipanda kwa elfu tisa na mia mbili na ushee. Namunyak alizitazama hesabu zile mbili kwa muda, akachora mstari chini yake.

"Kila tuzo inapopita mlangoni inatozwa kiingilio," alisema. "Kiingilio karibu ni kile kile, iwe tuzo nene au nyembamba. Nene haisikii. Nyembamba inaacha nusu ya mwili."

Inspekta Ernesti alikaa kitini. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kukataa kitu alichokiona.

"Sawa. Makato yapo. Sasa fikiri vizuri. Mhina mwenye laki sita, akituma mara moja kwa juma, makato yake hayazidi elfu ishirini. Ili laki tatu ziliwe njiani, itabidi awe ametuma elfu moja moja. Mara mia sita, Sajini, kwa Jumamosi nne! Nani mwenye akili timamu atakaa Muscat anabonyeza mara mia sita?"

Namunyak alimgeukia Sabiri. "Mhina huwa anatuma kiasi gani?"

"Sijui. Ukurasa unaonyesha jina tu. Bibi mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, asije mtu akaona haya kwa udogo wa alichotoa. Fedha zinaingia pamoja, naona jumla."

"Jina lake linalia mara ngapi?"

"Linalia, afande. Yanalia mengi. Mimi nataja mpaka koo linakauka, simhesabii mtu." Alisita. "Kusema kweli nilidhani anajisifu. Watu wa nje wanasifika kwa hilo."

"Makato yamekutetea kidogo," alisema Inspekta Ernesti, "lakini hayajakutoa. Mrudisheni ndani."

Namunyak alikuwa ameshalivuta faili la mlalamikaji. Alisoma maelezo ya Mzee Mdoe akiwa amesimama. Mstari mmoja aliurudia. Kisha akachukua ufunguo wa gari.

"Alasiri haijafika," alisema.

* * *

Mashamba ya Kwaluguru yalikuwa yamesimama makavu pande zote za njia, mabua yakisuguana kwa upepo. Uani kwa Bibi Chausiku mkeka ulikuwa umetandikwa. Chetezo cha ubani kilikuwa pembeni, hakijawashwa. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka msikitini na kukaa duara, mwalimu wa madrasa katikati yao, msahafu umefungwa mapajani. Bibi Chausiku alikaa juu ya kigoda mlangoni pamoja na wanawake, mikono imelala, kama mtu anayengoja kupewa habari za hospitali.

"Shikamoo, mzee," alisema Namunyak.

"Marahaba, binti yangu." Mzee Mdoe alikuwa mrefu, mkavu, kofia yake ya kitambaa imenyooshwa vizuri. "Umekuja kuitikia amina?"

"Nimekuja kuchukua maelezo ya nyongeza. Wewe ndiye mlalamikaji."

"Sasa hivi? Mwalimu keshatawadha."

"Maswali machache, kisha nitakaa pembeni."

Mdoe alimtazama mwalimu. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali.

"Umeandikisha kwamba kengele ililia sana," alisema Namunyak.

"Ililia! Andika vizuri. Jumamosi ile ya mwisho mikono yetu iliacha kufuata wimbo ikawa inafuata kengele. Haikukauka. Ndipo nikajua tumeibiwa. Kengele zote zile, halafu tunaletewa laki tatu?"

"Kila ikilia ni tuzo moja?"

"Moja."

"Na nani alikuwa anailiza zaidi?"

"Yule kijana mwenyewe alikuwa anataja. Mhina. Mhina. Mhina tena! Mpaka tukawa tunacheka, tukisema huyu leo hatabakiza hata nauli ya kurudi nyumbani."

Namunyak aliyaandika neno kwa neno, akamsomea, Mdoe akakubali. Kisha akafunga daftari.

"Sasa nifundishe mimi nisiyejua. Mtu akimtuza Bibi hapa kijijini, hufanyaje?"

Watu walicheka. "Leo Mmasai kaja kujifunza ngoma!" alisema mmoja nyuma.

"Mwacheni ajifunze," alisema Mdoe. Alisimama. Akatoa noti mfukoni, akajinyoosha, akaingia uwanjani taratibu, bega hili kisha bega lile, kama ngoma inapigwa mahali anaisikia yeye peke yake. Akafika kwa dada yake, akamwekea noti kwenye paji la uso, akarudi nyuma kwa mwendo ule ule. Akageuka, akaja tena, akatoa nyingine.

"Hivi," alisema, akihema kidogo. "Kila unapokuja anakutaja. Wewe, baba yako, babu yako, mpaka waliolala makaburini wanatajwa. Unarudi, unakuja tena."

"Na mtu akileta zote kwa mkupuo mmoja?"

"Huyo hatuzi. Huyo analipa deni. Anatajwa mara moja, anakaa, shughuli yake imekwisha." Aliketi, bado anatabasamu. "Kwani kwenu mnafanyaje?"

"Kwetu mtu akitoa ng'ombe hamleti mguu mmoja mmoja."

Uani kote walicheka, hata mwalimu. Namunyak alingoja kicheko kiishe. Kisha akatoa simu, akapiga namba aliyoiandika katika faili, akaiweka sauti ya wazi juu ya mkeka.

"Haloo? Mhina hapa."

"Naitwa Sajini Namunyak, polisi Korogwe. Niko nyumbani kwenu Kwaluguru. Bibi yako na babu yako wanakusikia. Umesema ulituma laki sita."

"Ndiyo, afande. Wallahi nilituma. Kadi yangu inaonyesha zimetoka zote."

"Nakuamini. Ulituma kwa mikupuo mingapi?"

Masufuria yalisikika yakigongana nyuma yake.

"Mikupuo?" alisema Mhina. "Afande, mimi nilikuwa namtuza bibi yangu."

"Elfu moja moja?"

"Kiasi hicho. Kila alipomtaja marehemu mama, nilibonyeza. Akimrudia, nabonyeza tena. Wenzangu jikoni wananicheka, wanasema nimeshikwa na simu. Nilikuwa nalia, afande. Miaka sita sijasikia mtu akimtaja mama."

Bibi Chausiku alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Nani aliyekuambia utume hivyo?"

"Si Babu Mdoe? Jumamosi ya kwanza kabisa alishika kipaza sauti akatutangazia wote. Alisema asitume mtu fungu zima kama anayelipa deni. Alisema tuko mbali, lakini tutuze kama watu."

Hakuna aliyecheka. Mdoe alikuwa anaitazama simu.

Namunyak aliwaeleza. Hakutumia maneno makubwa. Aliwaambia kwamba mchana ule bosi wake ametuma elfu moja mbele ya macho yake na ya Sabiri, ikafika pungufu ya nusu. Akatuma elfu kumi, ikafika karibu yote. Njiani kuna watu wanaotoza kila kengele inapolia, na hawajali kama kilichopita ni kikubwa au kidogo. Noti moja ikiwekwa kwenye paji la uso hapa uani, hufika nzima. Kule, kila hatua ya kuja na kurudi ililipiwa. Mhina alikuja na kurudi mara mamia, na ndugu wengine nao. Sabiri hakuona tuzo moja moja, aliona jumla, na jumla yote ameikabidhi.

"Kengele mlizomshtaki nazo," alimaliza, "ndizo shahidi wake. Zingelia chache, ningemfunga mimi mwenyewe."

"Basi hao wa njiani ndio wezi!" Mdoe alisema kwa sauti ya juu. "Wasomewe wao! Mwalimu, washa ubani."

"Niwasomee kwa jina gani?" aliuliza mwalimu. "Wako wapi? Ni watoto wa nani?"

"Soma hivyo hivyo. Atakayekuwa ndiye, imfuate."

"Mwalimu," alisema Namunyak, "naomba kuuliza. Mlikuwa mmekubaliana maneno gani?"

Mwalimu alijikuna shavu. "Mzee Mdoe mwenyewe ndiye aliyeyataka. Aliyeipoteza riziki ya Chausiku, kwa kujua au kwa kutojua."

Mwalimu aliyasikia aliyoyatamka, akainua macho polepole kumtazama Mdoe. Na wengine wakamtazama. Simu ilikuwa bado iko wazi juu ya mkeka.

"Babu?" sauti ya Mhina ilitoka, ndogo. "Babu, mimi nina watoto."

Mzee Mdoe alivua kofia. Aliigeuza mikononi, akaigeuza tena, kama anatafuta mahali ilipochanika.

"Iache," alimwambia mwalimu. "Usisome."

Bibi Chausiku alinyanyuka kwa kusaidiwa, akaja mpaka kwenye mkeka, akaiokota simu. Aliishika mbali na sikio kama watu wa umri wake wanavyoishika.

"Mume wangu."

"Bibi. Nisamehe, bibi. Sikujua. Kuanzia sasa nitatuma mara moja tu, mwisho wa mwezi. Zote zitafika."

"Zitafika. Na mimi nitakutaja mara moja."

"Inatosha, bibi."

"Haitoshi. Mara moja si ngoma, ni mshahara." Wanawake mlangoni walikuwa wameinama. "Lakini tuma, mume wangu. Unga umekwisha."

Mwalimu alikuwa ameanza kukunja mkeka. Namunyak alimsogelea Mdoe.

"Mzee, malalamiko yako siwezi kuyafuta mimi. Aliyeyaleta ndiye anayeyaondoa, kaunta, kwa mkono wake. Twende na gari letu."

"Haiwezi kuwa kesho?"

"Mke wake ana mimba kubwa. Usiku mmoja zaidi mahabusu, na maneno yaliyokwisha kutembea mjini, sitaki kuubeba. Wewe unataka kuubeba?"

Mdoe alivaa kofia yake, akaivua tena, akapanda gari.

* * *

Walifika Korogwe jua likiwa limeshuka juu ya milima. Habari zilikuwa zimetangulia kwa simu, kama kawaida. Watu wachache wa stendi walikuwa wamesimama nje ya kituo wakijifanya wanapita. Ikram alikuwa ameketi kwenye ngazi. Alikuwa amekuja na basi kutoka Mombo. Alimtazama Namunyak usoni, akajibiwa kwa kichwa, akafumba macho.

Inspekta Ernesti alisoma hati ya kuondoa malalamiko kwa sauti. Mzee Mdoe aliweka dole gumba kwenye wino, akaligandamiza pale alipoonyeshwa. Aliligandamiza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kijana anatolewa," alisema Inspekta. "Una neno la kumwambia, mzee?"

"Ninalo," alisema Mdoe. "Nitamwambia mwenyewe akitoka."

Alisogea karibu na mlango wa kaunta, akasimama wima, kofia imenyooshwa. Alikuwa amejipanga. Kijana angetoka, angeamkia, na yeye angeitikia, na katika kule kuitikia angeyapata maneno mengine. Ndivyo maneno yote ya wakubwa na wadogo yanavyoanza huku kwetu, ya heri na ya shari.

Sabiri aliletwa. Askari alimpa mkanda, akauvaa. Akampa viatu, akainama akafunga kamba za kimoja, kisha cha pili, bila haraka. Akatia sahihi ya kupokea vitu vyake. Akamshukuru Sajini Namunyak, akampa mkono. Akamshukuru Inspekta Ernesti, ambaye alimwambia kwamba kompyuta aifuate kesho.

Kisha akageuka, akamwona mzee mbele yake.

Walikuwa hatua moja. Namunyak alimwona Mdoe akivuta pumzi, kidevu kimeinuka kidogo, midomo ikianza kufunguka.

Sabiri alimpita. Hakumgusa, hakumtazama vibaya, hakutema mate. Alimpita kama mtu anavyopita mlango uliofunguliwa, akashuka ngazi, akamshika mkewe mkono, akamsaidia kusimama.

Mzee Mdoe alibaki pale pale kaunta, mdomo wazi, marahaba imemjaa kinywani, hana wa kumpa.